Galaksi na Anga la Pwani: Dhana Potofu Kuhusu Mawingu, Umande na Masika

Wapenzi wengi wa anga wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wameshajiaminisha kwamba galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota iliyo mbali sana, hazipigiki picha pwani, kwa kuwa usiku usio na wingu hata moja ni nadra. Dhana hiyo inachukulia kwamba picha ni lazima ikamilike kwa usiku mmoja. Ukweli ni kwamba picha ya galaksi huunganishwa kutokana na picha fupi nyingi, za sekunde 30 au 60 kila moja, zinazopigwa kwa kamera iliyofungwa kwenye mtambo unaofuata mwendo wa nyota, kisha hupandanishwa na programu isiyolipiwa kama Siril. Picha 4 hupunguza chenga, yaani vidoa vidogo vinavyoichafua picha, hadi nusu, 16 hadi robo, 64 hadi thumuni. Dakika 20 za anga safi zilizopatikana leo baina ya mawingu zinaunganika vizuri na saa nzima ya wiki ijayo.

Hata hivyo, si kweli kwamba wingu jembamba halidhuru mradi nyota zinaonekana. Nyota angavu hupenya, lakini mikono ya galaksi ni hafifu kuliko mwangaza wa anga lenyewe, nalo wingu huurudisha chini mwanga wa taa za mji. Picha ya namna hiyo huonyesha kiini cha galaksi ya Andromeda kama doa tupu, na kila nyota kubwa imezungukwa na duara la ukungu. Ni heri kuiondoa kabla ya kuunganisha.

Adui mkubwa zaidi wa pwani ni umande, na hapa ndipo dhana potofu zinapogharimu kazi ya usiku mzima. Wengi hudhani kwamba umande hudondoka kutoka juu, hivyo inatosha kuifuta lenzi kwa kitambaa. Kwa hakika kioo kinachoelekea anga tupu hupoteza joto lake hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na kwa kuwa hewa ya pwani imejaa unyevu, tofauti ya nyuzi chache tu inatosha kuugeuza mvuke kuwa matone. Ukifuta, kioo hubaki baridi na umande hurudi baada ya dakika chache, tena juu ya michirizi ya kitambaa. Dawa ni mkanda wa kupashia joto unaofungwa kuzunguka lenzi na kuendeshwa kwa pawabenki, uwashwe mapema, kabla kioo hakijapoa.

Wapo pia wanaonunua vichujio vinavyopitisha rangi chache tu za mwanga wakitumaini kushinda mwanga wa mwezi na wa mji. Vichujio hivyo hufaa sana kwa nebula, yaani mawingu ya gesi angani, yanayong'aa kwa rangi hizo chache. Galaksi hung'aa kwa rangi zote za nyota zake, hivyo mwanga wake hukatwa pamoja na ule usiotakiwa.

Mwisho ni malalamiko kwamba masika huwanyima watu wa pwani galaksi za kundinyota la Mashuke (Virgo), zinazofika juu kabisa nyakati za usiku mwezi Aprili na Mei. Mvua ikikatika, bado hazijaondoka: mapema Juni, mnamo saa 2 usiku, galaksi ya Sombrero hupita karibu na utosi wa Dar es Salaam. Andromeda nayo haihitaji kungojewa hadi vuli, kwani mwanzoni mwa Septemba hufikia kimo chake cha juu upande wa kaskazini baina ya saa 8 na saa 9 usiku.