Mkanda wa bluu ndani ya begi la kliniki: ujauzito, ndoa na hasira katika mazoezi ya taekwondo

Asubuhi moja ya mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa bado imeshikilia madirisha, aliingia katika chumba chetu cha fiziotherapia mama mwenye ujauzito wa wiki 16 akiwa amebeba begi la michezo. Alisalimia, akaketi, akatoa kadi yake ya kliniki, na chini ya kadi hiyo nikaona mkanda wa bluu uliokunjwa mara nne. Hakuwa na maumivu, hakuwa ametokwa na damu, na vipimo vyake vyote vilikuwa vizuri. Alichokuja kuomba ni barua mbili: moja ya kumwonyesha mwalimu wake wa taekwondo kwamba yeye si mvivu, na nyingine ya kumwonyesha mume wake kwamba yeye si mama anayetaka kumdhuru mtoto wake mwenyewe. Aliniruhusu kueleza kisa hiki bila kumtaja, na ninakieleza kwa sababu wanawake wanaojifunza sanaa za mapigano za Korea hapa Nyanda za Juu Kusini wanapopata ujauzito hukutana na maneno mengi kabla ya kukutana na maelezo.

Taekwondo ilipewa jina hilo nchini Korea mwaka 1955, na tangu michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 imekuwa ikishindaniwa medali kamili. Sababu ya kumkataza mjamzito kupigana haitokani na dhana kwamba mwanamke ni dhaifu, bali inatokana na namna mchezo wenyewe ulivyoundwa. Katika pambano, teke linaloupata mwili hupewa pointi nyingi kuliko ngumi, na shabaha yake kubwa ni kiwiliwili, yaani eneo lile lile linalofunikwa na hogu, ngao ya kifua na tumbo anayoivaa mpiganaji. Ngao hiyo husambaza mshtuko ili mbavu zisivunjike, lakini haiuzuii mshtuko usiingie ndani. Mfuko wa uzazi una uwezo wa kuvutika na kurudi, wakati kondo la nyuma halina uwezo huo kwa kiwango kile kile. Pigo zito au anguko la ghafla linapoubonyeza mfuko wa uzazi, kondo linaweza kubanduka mahali liliposhikamana, mtoto akakosa hewa na mama akavuja damu, wakati mwingine kwa ndani, bila dalili ya haraka kwa nje.

Wapo wanaosema kwamba hadi kufikia wiki ya 12 mfuko wa uzazi bado umekingwa na mifupa ya nyonga, kwa hiyo miezi mitatu ya mwanzo haina shida. Kuhusu mifupa wanasema kweli. Hata hivyo, miezi hiyo ndiyo ya kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usioelezeka, na mpiganaji anayesita kwa nusu sekunde ndiye anayeanguka vibaya. Msimamo wangu ni kwamba mapambano yasitishwe siku ile mama anapojua kuwa ni mjamzito. Aliyepigana kabla hajajua asijitese kwa hofu. Aeleze tu kliniki, na kama alipigwa tumboni aseme lini na kwa nguvu gani. Pigo lolote la tumboni baada ya kujua ujauzito linahitaji mama aende kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu, na mwenye kundi la damu la Rh hasi (lenye alama ya kutoa, kama O−) aitaje hali hiyo bila kusubiri kuulizwa, kwa sababu anaweza kuhitaji sindano ya kumkinga mtoto.

Baada ya kuondoa mapambano, kuruka, mateke ya kuzunguka na mazoezi ya kuangushana, kinachobaki si kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wasio na tatizo la kitabibu wafanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na poomsae, yaani mfululizo wa hatua, kinga na mapigo ambao mwanafunzi huufanya peke yake bila mpinzani, unaweza kujaza sehemu nzuri ya dakika hizo. Mfululizo wa kwanza wa Taegeuk, yaani poomsae za wanafunzi ambao bado hawajafikia mkanda mweusi, una hatua 18 na mateke mawili tu ya mbele. Mama anaweza kuufanya kwa mwendo wa taratibu, teke likiishia usawa wa goti au paja, na bado akawa anajifunza jambo ambalo wapiganaji wengi hulipuuza. Poomsae ina mashindano yake ya dunia tangu mwaka 2006, hivyo anayeirudia kwa miezi sita haogi pembezoni mwa mto wakati wenzake wanavuka. Yumo ndani ya sanaa ile ile.

Mwili wake, hata hivyo, si ule wa jana. Homoni za ujauzito hulegeza mishipa inayoshikilia viungo, tumbo huvuta uzito mbele, na mgongo wa chini hujipinda zaidi ili kumsawazisha. Kuanzia katikati ya ujauzito, kusimama kwa mguu mmoja kunakuwa kazi tofauti kabisa, na ndiyo maana nilimwonyesha yule mama kupanua msimamo wake kwa unyayo mmoja, kulegeza magoti, na kufanya mateke akiwa ameshika kiti au ukuta. Kujinyoosha kwa kulazimisha mapaja yafunguke hadi mwisho kuachwe, kwa kuwa kiungo kilicholegea hakitoi onyo la mapema. Baada ya wiki ya 20 asilale chali kwa muda mrefu akifanya mazoezi ya tumbo, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, naye akahisi kuzimia.

Kipimo cha nguvu ninachokipendelea hakihitaji mashine. Mama anapofanya mazoezi aweze kunitajia vituo vya daladala kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole kwa sentensi nzima, bila kukatishwa na pumzi, akishindwa, apunguze. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na aliyezaliwa au kuishi hapa ameshazoea hewa yake, lakini anayetoka pwani kuja kufanya mazoezi ajipe siku kadhaa za kutembea tu kabla ya kuvaa dobok, sare ya taekwondo.

Mazoezi yakatishwe na mama aende kituo cha afya akiona damu ukeni, maji yakimtoka, tumbo likikaza kwa mpangilio, akiumwa kichwa kikali au kifua, akiishiwa pumzi kabla hata hajaanza kujituma, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Mwenye shinikizo la juu la damu, upungufu mkubwa wa damu, au kondo lililokaa juu ya mlango wa kizazi, asifuate makala hii bali afuate maelekezo ya daktari wake. Kuhusu damu, niongeze jambo moja la huku kwetu. Tunaishi katika nchi ya chai, Tukuyu upande mmoja na Mufindi upande mwingine, na kikombe cha chai huambatana na chakula mezani bila mtu kufikiri. Chai hiyo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na vidonge vya kuongeza damu. Inywewe saa moja au zaidi kabla au baada ya mlo.

Nirudi kwenye zile barua mbili, kwa sababu nilikataa kuziandika kama zilivyoombwa.

Mwalimu wa taekwondo anastahili heshima kubwa, na wanafunzi huinama mbele yake kabla ya neno la kwanza. Heshima hiyo inapokosa njia ya kurudisha habari, mwanafunzi mjamzito hukaa kimya. Yule mama alikuwa amejificha kwa wiki sita, akisingizia goti, akisingizia safari ya Iringa, hadi mwalimu akaamini kwamba moyo wake umetoka katika mazoezi na akamwambia mbele ya wenzake kwamba taekwondo inataka uvumilivu. Ni kweli kwamba uvumilivu ni mojawapo ya misingi mitano iliyofundishwa na Choi Hong Hi, mmoja wa waasisi wa taekwondo, lakini kujizuia ni msingi mwingine katika orodha hiyo hiyo, na mwalimu anayefundisha mmoja akauacha mwingine anawapa wanafunzi nusu ya somo. Ninawaomba walimu wa kumbi zote, kuanzia Mbeya, Njombe hadi Iringa, wawaambie wanafunzi wao wa kike siku wanayojiandikisha, kabla jambo lolote halijatokea, kwamba anayepata ujauzito atakaa na mwalimu faraghani, atapangiwa kazi nyingine, na nafasi yake itatunzwa. Si lazima darasa zima lijue sababu. Kuhusu mtihani wa mkanda, mwalimu ana uwezo wa kuuahirisha bila kumhesabia mwanafunzi kushindwa, na kuuahirisha kwa maneno ya wazi kunaponya kuliko kunyamaza.

Kwa upande wa mume, nilimwomba mama aje naye kliniki iliyofuata. Alikuja, akakaa pembeni ya kiti, kofia mkononi. Nilimwuliza anachoogopa. Alijibu, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake mzazi amesema kila mkwewe anapoinua mikono juu kitovu kinamzunguka mtoto shingoni. Nilimweleza kwamba kitovu humzunguka mtoto kwa sababu ya mtoto mwenyewe kujigeuza ndani ya maji, na kwamba hutokea hata kwa mama aliyelala kitandani miezi tisa. Ndipo akaliongeza la pili, ambalo nadhani ndilo lililokuwa la kwanza moyoni mwake: ukumbini kuna kijana ambaye hushika mguu wa mkewe wakati wa kujinyoosha. Mke wake akamtazama kama mtu anayesikia lugha mpya, kisha akasema, "Baba Neema, ungeniambia tu." Lilimalizika kwa kubadilisha mwenza wa mazoezi na kwa mume kwenda ukumbini jioni moja kutazama. Wivu wa namna hii haupaswi kudharauliwa, lakini pia haupaswi kujificha nyuma ya afya ya mtoto, kwa sababu mwanamke akigundua hivyo hataamini tena tahadhari hata ile iliyo ya kweli.

Si kila nyumba ina Baba Neema. Ujauzito ni kipindi ambacho ukatili wa majumbani unaweza kuanza au kuzidi, na mwanamke anayejulikana kuwa mpiganaji ana maelezo tayari ya kila alama mwilini: "ni mazoezi." Wahudumu wenzangu, mama mjamzito aliyeacha mapambano hana sababu ya kuwa na jeraha jipya tumboni au mgongoni, na swali hilo aulizwe akiwa peke yake, mume akiwa nje, kwa upole na bila haraka. Mwanamke asitafute msaada kwa ujuzi wake wa mateke. Akiwa na hofu, awaeleze wauguzi, au aende kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Kisha kuna hasira, ambayo wengi huiita ubinafsi. Mwanamke aliyefanya mazoezi kwa miaka minne, akaamka saa kumi na moja alfajiri katika baridi ya Julai, halafu akaambiwa akae benchi na kuwatazama waliomkuta njiani wakipanda daraja kabla yake, ana haki ya kukasirika huku akimpenda mtoto wake. Mambo hayo mawili hukaa katika kifua kimoja. Yule mama alilia kwangu si alipokatazwa kupigana, bali aliposema kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza anajisikiaje. Tulikubaliana na mwalimu wake awahesabie watoto wa mkanda mweupe kwa Kikorea, hana, dul, set, akirekebisha mikono yao. Kazi hiyo ilimrudishia sauti. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili mfululizo, usingizi ukakatika, chakula kikakosa ladha na mama akaona maisha hayana maana, basi hiyo ni hali inayotibika kliniki, na mumewe au mwalimu akiiona amsindikize.

Kuhusu kurudi, wengi hukimbilia. Kutembea na mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga yanaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua kwa kawaida, mama akijisikia vizuri. Kuruka na kukimbia visubiri angalau miezi mitatu, na zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji. Kabla ya teke la kwanza la juu mama ajichunguze: je, mkojo unamponyoka akikohoa? Je, anahisi uzito kama kitu kinashuka ukeni? Je, akiinua kichwa akiwa amelala, katikati ya tumbo panatokeza mfano wa mgongo wa samaki? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, aje kwetu kwanza. Anyonyeshe kabla ya kwenda ukumbini, avae sidiria inayoshika vizuri, na akirudi kwenye mapambano aanze na mwenza anayejua kupunguza nguvu.

Yule mama alirudi ukumbini mtoto akiwa na miezi mitano. Mume wake alikuja kuniuliza swali moja tu, mtoto akiwa amelala begani mwake: ni lini mke wake ataruhusiwa kupigana tena? Nilimwambia tumpe miezi mingine miwili ya poomsae na mazoezi ya nyonga, kisha aje tumpime. Akatoa simu, akaiandika tarehe.