Kwa nini rubani wa KLM akitua KIA haulizwi kibali cha kazi, ila wa Caravan, ile ndege ndogo ya watalii, pale Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, anaulizwa?

Je, wajua rubani Mholanzi anayetua na KLM pale KIA, uwanja wa Kilimanjaro, hana kibali cha kazi cha Tanzania na wala havunji sheria? Mi miaka mingi nilijua kinyume, niliamini ukishashika usukani wa ndege ndani ya nchi yetu basi uko kazini kwetu, na nimebishana sana kijiweni kwa hilo. Alafu nilikuwa na kosa la pili, kwamba leseni ya mgeni ikishatambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, basi kamaliza, aanze kuruka. Yote mawili sio.

Chukua basi la Nairobi linaloingia Namanga. Namba za Kenya, dereva Mkenya, mshahara analipwa Nairobi. Anashusha watu Arusha, hakuna anayemdai kibali cha kazi maana ajira yake haipo hapa. Ila akisimama stendi akaanza kuita "Moshi, Moshi" apakie watu wa hapa, hapo kashaingia kwenye riziki ya madereva wetu. Ndege nazo ni hivyo hivyo. Ya KLM imesajiliwa Uholanzi, namba yake inaanza na PH, na Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, kifungu cha 32, unasema leseni ya rubani itolewe au ithibitishwe na nchi iliyoisajili ndege. Kifungu cha 7 kinaipa kila nchi haki ya kuizuia ndege ya nje isipakie abiria wa ndani kwa ndani, kwa hiyo hata KLM ikitoka KIA kwenda Dar haikuuzii wewe siti ya kwenda Dar tu.

Sasa njoo Kisongo. Caravan ina namba ya 5H, yaani imesajiliwa Tanzania, kampuni ni ya hapa, ajira ni ya hapa. Rubani mgeni, hata Mkenya maana kisheria naye sio raia, TCAA ithibitishe leseni yake, Kamishna wa Kazi atoe kibali, Uhamiaji watoe ukaazi. TCAA wanauliza kama anarusha salama, Kamishna anauliza kama kweli hakuna Mtanzania wa kuifanya hiyo kazi. Sheria ya 2015 inatoa kibali cha miezi 24, kinahuishwa lakini jumla ya miaka ina kikomo, na mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania.

Mbona wageni bado wanaajiriwa? Masaa ya kuruka. Kwa viwango vya kimataifa leseni ya biashara inaanzia masaa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa, ila leseni ya juu kabisa ni 1,500. Wa Moshi mtanielewa haraka: mlimani unaanza mpagazi, unakuwa msaidizi wa muongoza watalii, ndo baadae unakabidhiwa kundi ulipeleke kilele cha Uhuru. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo kampuni ikiamua hivyo ile ngazi ya msaidizi inapotea. Sio kila mgeni kakalia nafasi ya Mtanzania, wapo wanaofundisha. Lakini kile kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, akikaa mtalii anayepiga picha za Serengeti, kijana wa Majengo mwenye leseni yake mpya mfukoni hapati hata saa moja.