Maji mapafuni hayatoshi kueleza kifo

Mwili unapoopolewa mtoni au bwawani jijini Nairobi, wengi huamini kwamba mapafu yakikutwa na maji marehemu alizama akiwa hai, na yakikosa maji aliuawa kwanza kisha akatupwa. Imani hii inaeleweka, lakini maji huweza kupenya mapafuni hata baada ya kifo, na wapo waliozama ambao mapafu yao hayakuonyesha maji mengi. Ngozi ya vidole iliyokunjamana nayo huonyesha tu kwamba mwili ulikaa majini.

Kwa hiyo mwanapatholojia (daktari anayechunguza maiti) hutafuta povu laini kwenye njia ya hewa, hupasua shingo tabaka kwa tabaka akiangalia damu iliyovilia misulini, hupeleka damu na mkojo maabara kupimwa pombe na sumu, kisha huondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine. Hata hivyo, kama mtu aliteleza au alisukumwa, mara nyingi mwili pekee hauwezi kusema (na hapo, kwa maoni yangu, ndipo uvumi hupata nafasi). Hutegemewa hali ya mahali alipopatikana na maelezo ya mashahidi.

Msomaji na aulize: ripoti ya uchunguzi wa maiti inataja chanzo cha kifo tu, au pia namna kilivyotokea? Jibu "haijabainika" ni halali kitaalamu, wala si lazima liwe dalili ya kuficha jambo.