Kabla Hujakubali Cheo, Omba Kuona Hesabu

Nawashauri wanawake wanaoteuliwa kushika nafasi za juu kwenye makampuni. Wengi hunijia wakiuliza watajengaje ustahimilivu. Mimi huanza na jambo jingine: hicho kiti unakabidhiwa kampuni ikiwa katika hali gani?

Nina sababu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, Michelle Ryan na Alex Haslam, walichunguza kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Soko lilipokuwa limeshuka, kampuni zilizoteua wanawake kwenye bodi ndizo zilizokuwa na mwelekeo wa kufanya vibaya miezi mitano mfululizo kabla ya uteuzi. Yaani mwanamke hupewa usukani chombo kikiwa tayari kinaingia maji, kisha kikizama lawama zote zinamwangukia yeye. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kila mahali, lakini nimeona ya kutosha kazini kulichukua onyo hilo kwa uzito.

Anne Mulcahy alikabidhiwa Xerox, kampuni ya Marekani ya mashine za kunakili nyaraka, mwaka 2001. Kampuni ilikuwa imeelemewa na madeni, uhasibu wake ukichunguzwa na mamlaka za Marekani, na washauri wakimsukuma aombe mahakamani ulinzi wa ufilisi dhidi ya wadai. Alikuwa ametokea mauzo na rasilimali watu, si fedha. Akamwomba mtu wa idara ya fedha amfundishe mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, akaketi na kujifunza madeni yanavyoiva, yaani yanavyofikia muda wa kulipwa, na fedha zinavyoingia na kutoka. Ufilisi akaukataa. Akapunguza gharama kwa uchungu mkubwa, maelfu wakapoteza kazi, ila utafiti wa bidhaa mpya akaulinda. Mwaka 2009 alimwachia kiti Ursula Burns, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni iliyomo kwenye Fortune 500, orodha ya kampuni 500 kubwa zaidi za Marekani.

Ninachokiheshimu kwa Mulcahy si kwamba alivumilia. Alijua anachokabiliana nacho, na alikuwa na mamlaka ya kuamua. Inaniuma kusikia mwanamke akisifiwa kwa uvumilivu huku amenyimwa bajeti, timu kachaguliwa na mtangulizi wake, na kila uamuzi lazima urudi kwa mwenyekiti. Hapo anatumika tu.

Kwa hiyo omba taarifa za fedha za miaka mitatu, na mikataba ya mikopo pia. Uliza nani mwenye kauli ya mwisho kuajiri na kuondoa wakuu wa idara. Ongea na aliyetoka kwenye kiti hicho, ikiwezekana.

Mmoja niliyemshauri alipoomba karatasi hizo alikuta mkopo mkubwa unaoiva ndani ya mwaka wake wa kwanza, ambao hakuna aliyeutaja kwenye usaili. Hakukimbia. Alirudi mezani, na akasaini baada tu ya bodi kukubali kwa maandishi kwamba mazungumzo na benki yataongozwa na yeye mwenyewe, na kwamba kazi yake haitapimwa kwa faida ya mwaka huo.