Diakonia: Maana Yake, na Jinsi Inavyopimwa katika Mtaa wa Dini Nyingi

Neno diakonia limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni huduma, hasa ile ya mtu anayeandaa meza na kuwagawia wengine chakula. Walutheri wa Tanzania wamelizoea kiasi kwamba lina wahusika wake maalumu katika sharika na dayosisi. Wakatoliki husema zaidi matendo ya huruma, na Wakristo wengine wengi huridhika kusema huduma kwa jamii. Majina yanatofautiana, lakini kazi ni ileile: yale ambayo kanisa linawatendea watu wenye shida nje ya ibada, wawe waumini wake au wasiwe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo magumu. Kijijini, ambako karibu kila nyumba ni ya Mkristo, ugumu wake unaweza usionekane kabisa, ila mjini, katika mtaa ambao adhana na kengele husikika katika ua mmoja, hujitokeza siku ya kwanza tu ambapo kanisa linafungua mlango wa ghala lake.

Wanaoeleza asili ya diakonia huanzia Matendo ya Mitume sura ya 6. Wanafanya vyema, ingawa mara nyingi sura hiyo husomwa kwa haraka kuliko inavyostahili. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa kanisa la mjini, lenye Wayahudi wenyeji na Wayahudi waliokulia ng'ambo ambao lugha yao ilikuwa Kiyunani. Wajane wa kundi hili la pili walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakaanza kunung'unika. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakuunda kamati ya wenyeji ili iwafikirie wageni. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kusimamia mgawo. Majina ya watu hao yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kiyunani, na huyo wa mwisho hata hakuzaliwa Myahudi, bali alikuwa mwongofu. Upawa ulikabidhiwa upande ule uliokuwa umelalamika kwamba unanyimwa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ilipo maana kamili ya diakonia, na kanisa linalogawa unga kwa moyo mweupe huku likishikilia upawa peke yake limefika nusu ya njia.

Sura hiyohiyo inasaidia pia kutofautisha diakonia na uinjilisti, jambo linalowachanganya wengi. Katika maandishi ya Kiyunani, mgawo wa chakula unaitwa diakonia, na kazi ya mitume ya kulihubiri neno inaitwa diakonia pia. Zote mbili ni huduma, na wala moja si mtumishi wa ndani wa nyingine, lakini zilipewa mikono tofauti ili moja isiachwe kwa sababu ya nyingine. Uinjilisti humwalika mtu aamini. Diakonia humhudumia kwa sababu ana njaa, ni mgonjwa, au ni mgeni asiyejua pa kuanzia, na inakuwa imetimia hapo hapo, hata kama mtu huyo atashukuru na kurudi msikitini kwake.

Katika Ulaya ya karne ya 19, miji ya viwanda ilipofurika maskini, Waprotestanti wa Ujerumani waliifufua kazi hii kwa utaratibu mpya: huko Hamburg mwaka 1833 kilifunguliwa kituo cha kulea watoto waliotelekezwa, na huko Kaiserswerth mwaka 1836 wanawake walianza kufunzwa uuguzi kama wadiakonia. Wamisionari waliokuja Afrika Mashariki walikuja na urithi huo wa shule na hospitali, na faida yake ingalipo hadi leo. Lakini walikuja pia na desturi iliyoacha kovu, kwani mahali pengi shule na ubatizo vilikwenda pamoja, hata mtu anayejiandaa kubatizwa akaitwa msomaji. Wazazi Waislamu wa pwani na wa mijini wengi walichelea kuwapeleka watoto wao katika shule hizo, na watoto wakapitwa na elimu kwa sababu ya hofu ambayo haikuwa ya bure. Kwa hiyo mwanakamati wa kanisa anaposhangaa leo kwamba jirani yake Mwislamu anasita kumwandikisha mtoto katika darasa la kanisa lisilo na ada, inafaa akumbuke kwamba jirani huyo hakuanza kusita jana.

Makanisa yenyewe yameliona tatizo hili na kuliandikia kanuni. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada duniani yalikubaliana maadili ya kazi zao, na miongoni mwao yalikuwamo Caritas, yaani shirika la misaada la Kanisa Katoliki, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kanuni mojawapo inasema kwamba msaada hautatumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Kisha mwaka 2011 Baraza hilo la Makanisa, Vatikani na Muungano wa Kiinjili Duniani walitoa tamko la pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo katika ulimwengu wa dini nyingi, wakikataa waziwazi kumvuta mtu kwa kumpa vitu na kuutumia umaskini wake. Ni nadra sana pande hizo tatu kutia sahihi kwenye karatasi moja.

Mfano ninaouona kuwa bora zaidi uko Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao wenyewe huuita Islii. Tangu enzi za ukoloni ulikuwa na Waasia na Wasomali, na baadaye wakaongezeka watu wa makabila mengi ya Kenya. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka huko Somalia mwaka 1991, wakimbizi wa Kisomali walifika kwa wingi, na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuzwa chumba kwa chumba kuwa maduka, ikawa mwanzo wa biashara kubwa inayoujaza mtaa huo leo. Waoromo na Waethiopia wengine wako hapo, Wameru wanaouza miraa wako hapo, na makanisa ya Kikatoliki, ya Kianglikana na ya Kipentekoste yamesimama mitaa michache tu kutoka misikiti mikubwa.

Katika mtaa huo Wamennonite, Wakristo wa dhehebu dogo la Kiprotestanti, wana kituo cha jamii kinachojulikana kwa maktaba, madarasa ya Kiingereza na uwanja wa mpira wa kikapu. Historia yao haikuanzia Nairobi. Walifanya kazi Somalia kuanzia mwaka 1953, wakiendesha shule na huduma za afya, na katika miaka ya 1960 serikali ilipopiga marufuku kueneza dini isiyokuwa Uislamu na kutaka Uislamu ufundishwe katika shule zao, walikubali na kuendelea kufundisha. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa watu waliokuwa wametoka kwao kwa ajili ya Injili. Mwaka 1976 waliamriwa kuondoka, na kazi yao miongoni mwa Wasomali ikapata makao mengine Eastleigh. Jambo la kujifunza hapo ni namna walivyochagua huduma zao. Kijana anayeishi na ndugu wanane katika vyumba viwili anahitaji meza na taa ya kusomea. Mama aliyefika kutoka Mogadishu anahitaji lugha. Vijana wa dini mbalimbali wanahitaji mahali pa kucheza bila kuulizana jina la ukoo. Mahitaji hayo hayana dini, na mtu anayeyatimiza halazimiki kuficha kwamba yeye ni Mkristo.

Hili la kutoficha lina uzito wake. Wapo wanaodhani kwamba kuhudumia watu wa dini nyingine kunadai msalaba uteremshwe ukutani. Ninavyoamini mimi, jirani Mwislamu huwa na amani zaidi na mtu anayesema wazi imani yake kuliko na yule anayeificha, kwa kuwa kilichofichwa humfanya ajiulize ni kipi kingine kimefichwa. Anachotaka kujua ni kama kuna sharti. Basi sharti lisiwepo, na lisionekane hata katika mambo madogo: fomu ya kujiandikisha isiulize dhehebu, mgawo usitanguliwe na mahubiri ambayo mwenye njaa hana budi kuyasikiliza, na jina la mtoto lisiandikwe kwa tahajia ya Kikristo kwa sababu tu karani ameizoea hiyo.

Chakula hasa huonyesha kama kanisa limewafikiria watu au limejifikiria lenyewe. Katika miji yetu Wakristo wengi wanajua, bila kufundishwa na semina yoyote, kwamba kwenye arusi au msiba mchinjaji huitwa Mwislamu ili wageni wote wapate kula. Inasikitisha kwamba hekima hii ya ua wa nyumbani wakati mwingine husahaulika kanisani, nyama ikapikwa bila kuuliza, au uji ukagawiwa saa sita mchana katikati ya Ramadhani. Pakiwa na Mwislamu katika kamati ya mgawo, hayo hayatokei, maana atasema mapema, tena kwa neno moja. Vivyo hivyo kuhusu kliniki ya akina mama isiyo na muuguzi wa kike, au tangazo lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu kwa watu wanaosoma Kisomali au Kioromo.

Siku mbaya ndizo huonyesha iwapo kazi hii ina mizizi. Tarehe 30 Septemba 2012 guruneti lilirushwa katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Polikarpo, kando ya Juja Road, jirani na Eastleigh, watoto wakiwa katika mafundisho yao ya Jumapili. Mtoto mmoja alikufa na wengine walijeruhiwa. Muda si mrefu makundi ya watu yaliwageukia Wasomali wa eneo hilo, ambao hawakuhusika kwa lolote. Saa kama hiyo tamko halitoshi kuzuia jiwe lisirushwe. Anayeweza kusimama mlangoni kwa jirani na kusikilizwa ni yule ambaye jirani huyo na wale wenye hasira wote wanamjua kwa jina, kwa sababu wamekuwa wakipanga naye orodha ya mgawo kila wiki, upawa ukipita mkono kwa mkono.