Je, wajua kwa nini pikapu ya dizeli huwekewa turbo mbili, na kwa nini hazileti nguvu mara mbili?

Katika gereji nyingi za Bukavu kuna imani ambayo wenye pikapu wamerithishana kwa miaka mingi: ikiwa turbo moja huongeza nguvu ya injini, basi turbo mbili huiongeza mara mbili. Imani hiyo ndiyo humfanya mnunuzi alipe zaidi kwa gari lililoandikwa "Bi-Turbo" ubavuni, au amwombe fundi aifungie injini yake turbo ya pili iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Lakini turbo ya pili, katika pikapu nyingi, haikuwekwa ili kupandisha kilele cha nguvu. Iliwekwa ili nguvu ipatikane mapema zaidi na idumu kwa muda mrefu zaidi, na namna turbo hizo zinavyounganishwa ina uzito kuliko idadi yake.

Kosa hili linastahili kuchambuliwa taratibu, kwa sababu lina mizizi. Turbo haizalishi nguvu. Nguvu hutoka katika mazuti, yaani dizeli, yanayoungua ndani ya silinda, na kazi ya turbo ni kuleta hewa ya kutosha ili mazuti hayo yaungue yote. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu moja. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti fupi na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi, huikandamiza na kuisukuma kwenye silinda. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na msingi wake haujabadilika. Fundi akiongeza hewa bila kuongeza mazuti, injini itatoa moshi mchache na joto la ekzosi litashuka, lakini dereva hatahisi nguvu mpya yenye maana. Akiongeza mazuti bila kuongeza hewa, nyuma ya gari kutatoka moshi mweusi, ambao ni kaboni iliyokosa oksijeni ya kuungua nayo, na joto litapanda hadi kuhatarisha pistoni na turbo yenyewe.

Takwimu za viwandani zinaonyesha jambo hilohilo. Toyota Hilux yenye injini ya lita 2.8 na turbo moja, kwa toleo la mwaka 2020, hutoa kilowati 150 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutonimita 500. Ford Ranger yenye injini ya lita 2.0 na turbo mbili, katika toleo lake la kwanza, ilitoa kilowati 157 na msokoto uleule wa nyutonimita 500. Turbo mbili za Ford hazikuzidisha nguvu mara mbili. Ziliiwezesha injini ndogo kufanya kazi ya injini kubwa. Anayetafuta mfano wa kupinga hoja hii anaweza kutaja injini ya Toyota ya V8 ya lita 4.5, ambayo katika Land Cruiser 79 ilikuwa na turbo moja na msokoto wa nyutonimita 430, na katika Land Cruiser 200 ilikuwa na turbo mbili na nyutonimita 650. Ni mfano wa haki. Hata hivyo, ongezeko hilo nalo halifikii mara mbili, na injini ya 79 ilipangwa makusudi kuwa tulivu ili idumu katika kazi ngumu, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa zawadi ya turbo ya pili.

Sasa tuangalie muunganisho wenyewe, ambao ndio kiini cha uchaguzi. Chukua wafanyabiashara wawili wa maharagwe. Katika mpango wa kwanza, kila mmoja ananunua shambani gunia kwa bei ya 1 na kuliuza sokoni kwa 2. Magunia yanayofika sokoni yameongezeka, lakini bei ya kila gunia imebaki 2. Hizo ni turbo zilizofungwa sambamba: kila moja inahudumia nusu ya silinda zote za injini, hewa inayopita ni nyingi, lakini shinikizo halizidi lile ambalo turbo moja ingelifikia. Katika mpango wa pili, mfanyabiashara wa kwanza ananunua kwa 1 na kumuuzia mwenzake kwa 2. Mwenzake naye anazidisha bei mara mbili na kuuza kwa 4. Gunia ni lilelile, limepita mikono miwili, na kila mkono umezidisha bei iliyoukuta. Hizo ni turbo zilizofungwa kwa mfululizo: turbo kubwa hupokea hewa ya nje na kuikandamiza, kisha turbo ndogo hupokea hewa iliyokwisha kukandamizwa na kuikandamiza tena. Shinikizo halijumlishwi, linazidishwa.

Mfano huo unafika mbali zaidi. Yule mfanyabiashara wa pili ana duka dogo. Asubuhi, magunia yakiwa machache, anahudumia haraka kuliko mtu yeyote. Adhuhuri magunia yakifurika, mlango wake unakuwa kizuizi na foleni inarudi hadi kwa muuzaji wa kwanza. Ndivyo ilivyo kwa turbo ndogo. Gurudumu lake jepesi huamka hata moshi ukiwa mchache, wakati injini inazunguka mara 1,500 tu kwa dakika, lakini mizunguko ikipanda moshi unakosa pa kupita na injini inaanza kujikaba yenyewe. Kwa hiyo lazima pawepo mlango wa pembeni, yaani vali inayofunguka na kuupeleka moshi moja kwa moja kwenye turbo kubwa. Katika Ranger, turbo mbili hufanya kazi kwa mfululizo mizunguko ikiwa ya chini, na ndogo hupitwa pembeni mizunguko inapopanda. Thamani yote ya mpango huu iko katika kukabidhiana huko, na matatizo yake mengi pia yako hapo.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Bukavu kuliko mkazi wa Muanda, pwani ya Atlantiki? Kwa sababu bei ya kuanzia, yaani shinikizo la hewa ya nje, si ileile. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda vilima kutoka hapo. Shinikizo la hewa hapa ni takriban bari 0.85, wakati pwani ni bari 1.01. Injini isiyo na turbo, kama ile ya lita 4.2 iliyo katika Land Cruiser nyingi za mashirika, hupata hewa pungufu kwa karibu asilimia 14, na hakuna namna ya kuifidia. Injini yenye turbo inaweza kufidia, lakini kwa gharama. Tuseme injini inahitaji bari 2.5 mdomoni mwa silinda. Kule Muanda turbo itazidisha hewa mara 2.5 hivi, hapa italazimika kuizidisha karibu mara 3, na kwa hiyo kuzunguka kwa kasi zaidi, katika kifaa ambacho tayari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, kwenye takriban mita 4,300, ili kuthibitisha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini pumzi inayonyang'anywa na mwinuko. Inavutia kufikiri kwamba pikapu inayopanda kutoka Kamanyola, kule bondeni, hadi Bukavu hufanya jaribio la aina hiyo kila siku ya soko.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hawalioni. Geji nyingi za turbo hupima tofauti kati ya shinikizo la ndani na la nje. Ikisoma bari 1.5 pwani, injini inapata takriban bari 2.5, ikisoma bari 1.5 hapa, injini inapata 2.35. Namba ni moja, hewa si moja.

Kuzidisha mara 3 kwa gurudumu moja kunawezekana, lakini hewa hutoka ikiwa na joto kali: hewa ya nyuzi 25 hufikia karibu nyuzi 180 ikiwa turbo inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70, na hewa ya moto hubeba oksijeni kidogo. Ndiyo maana intakula nzuri, yaani kipoza hewa kati ya turbo na silinda, ina faida kuliko turbo ya pili kwa watu wengi. Ukigawa kazi hiyo kwa turbo mbili za mfululizo, kila moja huzidisha mara 1.7 tu na hubaki katika eneo inalolimudu.

Basi mtu achague nini? Turbo mbili sambamba zinafaa injini za V, ambako kila upande una ekzosi yake. Kwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja sioni sababu ya kuzifunga. Mfululizo unafaa gari linalobeba mzigo mzito kwa mizunguko ya chini, kisha likatakiwa kukimbia tambarare. Barabara ya Ngomo, ile inayopanda kutoka Kamanyola, inaeleza hitaji hilo vizuri: katika kila kona dereva hupunguza mwendo, injini hushuka chini ya mizunguko 1,500, na gari lililosheheni huhitaji msokoto papo hapo kabla halijasimama. Turbo moja kubwa hukawia kuamka mahali hapo. Turbo moja yenye mapezi yanayojirekebisha, kama ya Hilux, hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa vipuri vichache, na kwa mfanyabiashara anayetegemea gari moja ningeshauri hiyo.

Kufunga turbo ya pili gereji ni suala jingine. Marekani wenye Dodge Ram za Cummins lita 5.9 hufanya hivyo mara nyingi: turbo ya asili hubaki kuwa ndogo, kubwa huwekwa kabla yake. Lakini hubadilisha pia nozeli za mazuti, bolti za silinda hedi na clachi, kwa sababu shinikizo likizidishwa kila kilicho chini yake hubeba mzigo mpya. Injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo hukandamiza hewa zaidi ya mara 22 ndani ya silinda, haikubuniwa kwa ajili hiyo. Kuifungia turbo mbili ni kuiomba ipasue gasketi.

Kwa anayenunua Ranger iliyotumika, vua kwanza bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, taa ikiwa mkononi. Gurudumu la alumini linatosha kukaa kiganjani, na ncha za mapezi yake zinapaswa kuwa na ukingo mkali. Zikiwa zimeliwa, gari limevuta vumbi la kiangazi bila kichujio kizuri. Tikisa shafti kwa vidole: mchezo mdogo wa kushoto na kulia ni wa kawaida kwa sababu shafti huelea juu ya oili, ila haipaswi kwenda mbele na nyuma kwa kiasi cha kuhisika, wala gurudumu kugusa ukuta. Kisha panda mlima ukiwa na mzigo, gia ya tatu, na ukanyage taratibu kutoka mizunguko 1,300 hadi 3,000. Msukumo unapaswa kukua bila kukatika. Gari likilegea katikati kwa sekunde moja na kutema moshi mweusi, kisha likachangamka tena, shuku vali ya pembeni au bomba la mpira la hewa lililopasuka kabla ya kuilaumu turbo yoyote kati ya hizo mbili.