Lasix, damu ya mapafuni na dume la mbegu

Swali lilitoka kwa kijana wa Bukavu tuliyekuwa tukifanya naye kazi kwenye mabanda ya farasi wa mbio hapa Kentucky. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mbio. Yeye ameshika farasi kwa kamba, daktari anapita banda hadi banda akichoma sindano kwenye mshipa wa shingo. Kijana akasoma jina kwenye kichupa, akanigeukia: "Docteur, hii dawa mama yangu anakunywaka, ya pressure. Sasa hawa farasi wote wako na pressure?"

Hawana. Lakini dawa ni ile ile. Ni furosemaidi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Lasix, na duka lolote la dawa Mwanza au Mombasa wanayo. Wanaandikiwa wazee wenye moyo uliochoka na miguu iliyovimba. Inazilazimisha figo kutoa chumvi, na maji yanaifuata chumvi. Nilimjibu kijana haraka haraka kwamba inazuia damu mapafuni, nikaendelea na kazi. Jibu lile halikutosha, na kwa kuwa mji wa Lexington hapa Kentucky sasa una Waswahili wengi, hasa ndugu zetu Wakongo, na baadhi yao wanashika farasi hawa kila siku, nataka nilijibu sawasawa. Mimi ni daktari wa mifugo. Nilianza na kuchungulia mapafu ya farasi baada ya mbio, siku hizi nashughulika zaidi na majike wenye mimba. Kwa hiyo nimeuona mkasa huu pande zote mbili.

Farasi wa mbio akiwa ametulia, moyo wake hupiga kama mara 30 hivi kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zote hufika 220 na zaidi, na moyo ule husukuma lita 300 au zaidi za damu kila dakika. Damu yote hiyo lazima ipite mapafuni. Shinikizo ndani ya mishipa ya mapafu, ambalo akipumzika ni kama 25 kwa kipimo cha milimita za zebaki, hupanda hadi karibu na 100. Sasa fikiria ukuta unaotenganisha damu na hewa ndani ya pafu. Umeumbwa mwembamba mno ili oksijeni ivuke, mwembamba kuliko utando wa ndani ya ganda la yai mara nyingi sana. Shinikizo likizidi, kapilari, yaani vile vishipa vidogo kabisa vya damu, zinapasuka, hasa sehemu ya juu na nyuma ya mapafu, na damu inaingia kwenye njia za hewa.

Mara nyingi huioni. Farasi anarudi bandani puani pakavu kabisa. Ukimwingizia endoskopu, ile kamera ndefu nyembamba, kupitia pua hadi kwenye bomba la hewa kabla saa moja na nusu haijapita tangu amalize mbio, ndipo unaiona: mstari mwembamba wa damu, au mito kadhaa iliyoungana. Tunaipa alama kuanzia 0 hadi 4. Katika tafiti nyingi, uchunguzi wa mara moja tu umekuta damu kwa karibu nusu ya farasi au zaidi, na ukiwachunguza mara kwa mara ni wachache mno wanaosalimika. Wale wanaotokwa damu puani hadharani, watazamaji wakaona, ni wachache, na hao ndio wenye hali mbaya zaidi.

Lasix inasaidia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kuna watu wanaopinga dawa hii kana kwamba ni maji matupu. Jaribio lililomaliza ubishi lilifanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2009. Farasi wale wale walikimbizwa mara mbili, mara moja wakiwa na furosemaidi na mara moja wakiwa na maji ya chumvi, na waliowachunguza hawakujua nani kapewa nini. Walipokuwa bila dawa, uwezekano wao wa kutoka damu ulikuwa takriban mara 3 hadi 4 zaidi, na uwezekano wa kutoka damu nyingi ulikuwa kati ya mara 7 na 11. Dawa inapunguza ujazo wa damu, shinikizo mapafuni linashuka, ukuta unapata nafuu.

Ila dawa hiyo hiyo, ikichomwa muda wa saa 4 kabla ya mbio, inamfanya farasi akojoe kiasi cha kupungua kilo 10 hadi 15. Kilo 10 katika mbio ni kitu kikubwa. Wanaopanga mbio huwatofautisha farasi kwa kuongeza uzito wa kilo moja au mbili za madini ya risasi kwenye tandiko. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1999, wa farasi zaidi ya 22,000, ulionyesha kwamba waliopewa furosemaidi walikimbia kasi zaidi, walishinda zaidi na kupata fedha zaidi. Ni kwa sababu ya mapafu makavu au kwa sababu ya mwili mwepesi? Kwa mwenye farasi swali hilo halina maana, atachoma tu. Jirani akichoma na wewe usipochoma, umemwachia kilo 10. Ndivyo ilivyotokea. Jimbo la New York lilikuwa la mwisho kuruhusu, Septemba 1995, na baada ya hapo zaidi ya farasi 9 kati ya 10 nchini humu wakawa wanakimbia na herufi L, yaani Lasix, mbele ya majina yao kwenye karatasi ya mbio. Dawa ya wagonjwa ikawa ya kila mtu. Wakati huo huo Uingereza, Ufaransa, Japani, Hong Kong, Australia na Falme za Kiarabu walikataza katakata kuitumia siku ya mbio. Cigar, farasi mashuhuri wa Marekani, alipokwenda Dubai mwaka 1996 kushinda Dubai World Cup ya kwanza kabisa, alikimbia bila hiyo.

Hapa ndipo swali la kijana linapogusa kazi yangu ya sasa.

Dawa haibadilishi chembe za urithi. Farasi akichomwa Lasix mara 30, mbegu yake inabaki vile ilivyokuwa. Kinachobadilika ni macho ya mfugaji. Mbio za farasi, kwa asili yake, ndio mtihani wa kuchagua nani azae. Hawa tunaowaita Thoroughbred hawaruhusiwi uhimilishaji, jike lazima apandishwe na dume mwenyewe, na kila mmoja ameandikwa kitabuni kwa nasaba yake tangu karne ya 18. Anayeshinda anakwenda kuzalisha. Ukiingiza dawa kwenye chumba cha mtihani, anayefaulu ni farasi na dawa yake kwa pamoja, lakini anayeondoka kwenda kuzalisha ni farasi peke yake.

Nililijua hili kabla sijaenda chuo. Nyumbani kwetu Tarime baba alikuwa na dume chotara, mkubwa, mwenye rangi ya kupendeza. Majirani walileta majike yao kwake. Wakati ule josho la kijiji lilikuwa linafanya kazi na ng'ombe wote walioshwa kupe. Miaka ya 1990 dawa ya josho ikawa ghali, josho likakauka. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaingia. Watoto wa lile dume walikufa mmoja baada ya mwingine, na wale wa madume ya kienyeji, wafupi, ambao hakuna aliyewataka, wakabaki wamesimama. Baba alisema josho ndilo lililokuwa linamsifia yule dume. Nilikuwa na miaka 11 na sijawahi kusikia somo la uzalishaji lililonyooka kuliko hilo.

Je, kutoka damu kunarithiwa? Kwa hali ile mbaya, ya damu kutoka puani, ndiyo, kwa kiasi kinachostahili kuogopwa. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2004 na ule wa Australia wa mwaka 2014, uliopitia rekodi zaidi ya milioni moja za mbio, ulikuta kwamba sehemu ya tofauti baina ya farasi katika jambo hili inatokana na urithi. Kwa Australia makadirio yalikuwa kati ya 0.27 na 0.50, pale ambapo 0 ni hakuna urithi na 1 ni urithi mtupu. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akiambiwa namba hizo anajua zinatosha kubadilisha kundi zima ndani ya vizazi vichache, kwa wema au kwa ubaya. Na tazama tafiti hizo zilifanyika wapi: katika nchi zilizokataza Lasix siku ya mbio. Kwenye nchi ambayo karibu kila farasi amechomwa, ungepima nini?

Ugonjwa wenyewe ni wa kale kuliko dawa. Mwaka 1704 farasi mmoja wa Kiarabu alinunuliwa Aleppo, Syria, akapelekwa Uingereza, akaitwa Darley Arabian. Mwanawe mmoja, Bartlett's Childers, hakukimbia hata mbio moja kwa sababu alikuwa akitokwa damu puani, hadi watu wakamwita "Childers atokaye damu". Hata hivyo walimzalisha, kwa kuwa ndugu yake wa baba na mama alikuwa na kasi ya kutisha. Kitukuu chake ni Eclipse, aliyezaliwa 1764 na ambaye hakushindwa hata mara moja, na mstari wa baba wa Eclipse ndio unaobeba idadi kubwa kabisa ya Thoroughbred wote walio hai leo. Halafu kuna Hermit, aliyetoka damu siku chache kabla ya Derby ya Epsom, mbio kubwa za Uingereza, ya mwaka 1867, akadharauliwa, akashinda, kisha akawa dume anayeongoza Uingereza kwa miaka 7 mfululizo, 1880 hadi 1886. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Lasix ndiyo iliyoleta damu mapafuni. Damu ilikuwepo. Lakini zamani ilionekana, ikaandikwa, na mfugaji aliyempandisha jike wake kwa Hermit alijua anachokifanya.

Leo dume mmoja maarufu hupandisha majike 150 hadi 200 kwa msimu mmoja, na wengine husafirishwa hadi nusu nyingine ya dunia kwa msimu wa pili mwaka huo huo. Kosa ambalo karne ya 18 lingechukua miaka mingi kusambaa, sasa linasambaa kwa misimu miwili. Mwaka 2020 wasimamizi wa kitabu cha nasaba hapa Marekani walitaka kuweka kikomo cha majike 140 kwa dume, wakarudi nyuma mwaka 2022. Nilihuzunika.

Kuna namba inayopenda kutumiwa katika mabishano haya. Mwaka 1960 farasi wa mbio wa Marekani alikimbia wastani wa mara 11.31 kwa mwaka, na kufikia 2010 ilikuwa mara 6.11. Wapo wanaoilaumu Lasix kwa anguko hilo lote. Mimi siwezi. Anguko lilianza kabla ya dawa kuenea, na namna ya kuwafunza na kuwapumzisha farasi imebadilika sana. Tena wafugaji wanazaa kwa ajili ya mnada wa farasi wa mwaka mmoja, ambapo sura na mwendo vinauzwa kabla mnyama hajakimbia hata hatua. Watoto wenye miguu iliyopinda hunyooshwa kwa upasuaji wakiwa wadogo, na huo nao ni ukuta mwingine mbele ya macho ya mnunuzi. Ninachoweza kusema ni kwamba furosemaidi inaongeza upotevu wa kalisi kwenye mkojo, na mnyama anayepoteza maji mengi anahitaji siku kadhaa kujirudisha.

Kuna dawa nyingine ambazo madhara yake kwenye uzazi ni ya moja kwa moja, na hizo nimekutana nazo kwa mikono yangu. Homoni za kujenga misuli zilikuwa halali katika majimbo mengi hadi karibu 2008, mwaka ambao farasi Big Brown alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za hapa, na mkufunzi wake akakiri hadharani kwamba farasi hupewa stanozololi, mojawapo ya homoni hizo. Dume anayepewa homoni hizo korodani husinyaa na mbegu hupungua. Jike huanza tabia za kidume na haingii joto. Miaka ile tulipokea majike kutoka uwanjani ambao walichukua miezi kabla ovari zao hazijaamka. Angalau hapo madhara yalijitangaza. Ya Lasix yananyamaza.

Mambo yamebadilika kidogo. Kuanzia 2020 viwanja vikubwa viliacha kuwapa Lasix farasi wa miaka miwili, na Kentucky Derby ya 2021 ikakimbiwa bila hiyo. Kisha ikaja sheria ya nchi nzima, na kanuni zake za dawa zikaanza kutumika Mei 2023: farasi wa miaka miwili na wanaoshindania mbio kubwa hawachomwi ndani ya saa 48 kabla ya mbio. Mbio za kawaida ziliachiwa nafasi ya kuendelea huku utafiti ukifanyika. Kwa upande wa uzazi hatua hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu madume wa kesho hutoka kwenye mbio hizo kubwa. Wajerumani walifika huko zamani, wao humtaka dume wa mbegu awe amekimbia bila dawa.

Sitaki farasi wa mbio ndogo, ambaye hatazaa kamwe, aachwe apasuke mapafu ili kutimiza kanuni. Huyo atibiwe, au apumzishwe, au astaafu. Kilio changu ni kwa anayekwenda kuzalisha. Alama zake za endoskopu, 0 hadi 4, zinakaa kwenye faili la daktari na ni siri ya mwenye farasi. Ningependa zichapishwe kwenye katalogi ya mnada, mstari mmoja chini ya ushindi wake. Mnunuzi anajua baba kashinda dola ngapi, ila hajui bomba lake la hewa lilikuwaje siku aliyozishinda.

Yule kijana wa Bukavu sasa yuko nasi kwenye shamba la majike. Machi iliyopita tulikesha naye, mtoto akazaliwa saa tisa usiku, mrefu, miguu kama fito. Tulipomaliza kumkausha, kijana akauliza: "Docteur, baba yake alikimbiaka na ile sindano?" Nilifungua rekodi ya dume kwenye simu, tukahesabu pamoja chini ya taa ya banda. Mbio 14. Herufi L, 14.